Tambi za kuku za Kichina kama za tekawei, zangu zinakuwa uji, naombeni msaada

MamaWawili_Ipagala

Habari za jioni wapendwa. Nimehamia Dodoma kikazi nikitokea Dar na kitu wanangu wanachokililia kuliko hata marafiki zao ni zile tambi za kuku za Kichina tulizokuwa tunachukua tekawei kila mshahara ukitoka, zile za kahawia zinazong'aa, kila uzi uko peke yake, na kuku laini kabisa. Nikasema ntapika mwenyewe.

Nimejaribu mara tatu. Nachemsha tambi, nakaanga kitunguu, naweka kuku, karoti, hoho, kabichi, namwaga soya sosi, nageuza. Kinachotoka ni bonge limeshikana, chini kuna mchuzi mweusi, chumvi kali, na kuku unamtafuna mpaka taya zinauma (nilitumia wa kienyeji nikijua ndo mtamu). Mara ya mwisho nikasikia kuku anapakwa konflawa, sikuwa nayo nikaweka sembe maana si yote ni mahindi, ikawa chenga chenga mdomoni. Mkubwa wangu ana miaka tisa, akala nusu sahani akaniambia asante mama nimeshiba, na najua hakushiba. Roho iliniuma jamani. Nakosea wapi? Natumia gesi ya mtungi mdogo na sufuria ya kawaida.

Mdau_ChangOmbe

Pole mama. Kuku wa kienyeji muache kwa supu, anataka kuchemka muda mrefu, hizi tambi zinapikwa dakika chache tu. Chukua kidari cha broila. Na sembe sio konflawa, sembe ni punje iliyosagwa, konflawa ni wanga peke yake umetolewa kwenye punje, ndo maana yenyewe ikipata moto inakuwa laini kama ute na sembe inabaki chenga. Supamaketi zipo.

JikoniMiakaSita

Mbukwenyi wote. Dada yangu, nilifanya kazi jikoni kwenye hoteli ya Kichina Dar miaka sita kabla sijarudi nyumbani, hebu nikwambie nilichokuwa nakiona kila siku. Tatizo lako ni MAJI. Tambi zako zinaingia zimelowa, mboga zinatoa maji, kuku anatoa maji, sufuria imejaa na moto ni mdogo, kwa hiyo haukaangi, unachemsha mara ya pili.

Anza na kuku. Kidari nusu kilo kiweke friza nusu saa kigande kidogo ndo ukate vipande vyembamba, na kisu kikate kukatisha nyuzi za nyama sio kufuata nyuzi, hapo peke yake utaona tofauti. Weka kijiko kimoja cha soya sosi, kimoja cha konflawa, viwili vya maji na kimoja cha mafuta, vyote vijiko vya chakula, changanya kwa mkono mpaka uone maji yote yamenyweka na nyama inateleza kwenye vidole. Iache dakika 20. Ile konflawa inakuwa kama koti, majimaji ya nyama hayakimbii.

Tambi (nunua zile za mayai, gramu 250 zinawatosha) chemsha ila zitoe zikiwa bado na kiini kigumu kidogo ukiuma. Hapa Dodoma tuko juu, mita 1,100 na kitu, maji yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi sio 100 kama Dar, so usiangalie dakika za pakiti, onja. Zikitoka mwagia maji ya baridi, chuja, tandaza kwenye sinia, pakaa mafuta kidogo, ziache zikauke kabisa. Hii hatua watu wanairuka na ndo roho ya chakula chote.

Sasa moto. Sufuria weka pembeni, tafuta karai la chuma, na kama una jiko la mkaa tumia hilo, mkaa ukikolea unashinda kabisa mtungi wako mdogo, ila jikinge na huu upepo wetu. Karai lianze kutoa moshi ndo uweke mafuta ya alizeti, yale yaliyosafishwa, maana haya ya kukamua mashineni Singida ni matamu ila yanaungua mapema. Kuku akiingia lazima usikie shwaaa, ukisikia kimya mtoe kuku, moto haujafika. Usimgeuze sekunde kama 30, mwache ashike rangi, geuza, akiiva mtoe pembeni. Mboga dakika moja, karoti ibaki inalia ukiuma. Halafu tambi, na USIPIKE ZOTE PAMOJA, gawa mara mbili. Rudisha kuku, sosi imwage pembezoni mwa karai iungue kidogo, sio katikati.

Kuhusu chumvi kali na mchuzi mweusi, soya ziko mbili. Nyepesi ndo ya chumvi, weka vijiko viwili vya chakula. Nyeusi nzito ni ya rangi, kijiko kimoja cha chai kinatosha. Ongeza oista sosi kijiko kimoja, sukari nusu kijiko cha chai, pilipili manga. Zima moto ndo unyunyizie mafuta ya ufuta, matone tu, na kitunguu majani.

SistaNzuguni

Mimi za mayai nikizikosa nachukua spageti nyembamba, maji ya kuchemshia naweka bekingi soda kijiko cha chai kwa lita moja, zinakuwa za njano na zinavutika kama za Kichina kabisa, suuza vizuri tu baadae. Hivi na Ajinomoto vipi, wanaweka?

JikoniMiakaSita

Wanaweka dada, kidogo. Ni kitu Mjapani alikigundua 1908 kwenye supu ya mwani, ladha ile ile ipo hata kwenye nyanya iliyoiva. Ila oista sosi nyingi tayari zinayo, soma lebo usije ukarudia. Ukiikosa hutapungukiwa na kitu.

MamaWawili_Ipagala

Jamani nimerudi. Jumamosi nilienda Majengo nikapata karai na kitunguu majani, soya nyeusi nikaagiza kwa shoga yangu Kariakoo akaja nayo na treni ya SGR. Mafungu mawili, jiko la mkaa uani, kaka Jikoni ile shwaaa nimeisikia!! Fungu la kwanza nilichelewa kugeuza zikashika chini kidogo, la pili zimetoka uzi mmoja mmoja. Mkubwa kala, kanyanyuka, karudi na sahani akaniuliza mama kwenye karai zimebaki? Nikampa na zangu.

Swali moja tu, zikilala friji zinapashwaje bila kukauka? Anataka kubeba shule.

SistaNzuguni

Nyunyizia maji vijiko viwili, funika, moto mdogo. Zikishapata moto kabisa mpe kwenye hotipoti zikiwa bado za moto, zisikae vuguvugu mpaka mchana maana zina kuku.