Naomba ushauri: kelele za bunduki ya upepo uani, Buswelu

Wakuu, habari za jioni. Nafanya mazoezi ya shabaha kwa bunduki ya upepo ya milimita 4.5, umbali wa mita 10 kama ule wa Olimpiki. Kibali ninacho, na nyuma ya shabaha nimepanga viroba vya mchanga, hapo msiwe na wasiwasi. Shida ni kelele. Mwanza yetu mnaijua: nyuma ya nyumba ni majabali matupu, mlio unagonga jiwe na kurudi kwa jirani, na yule mama akikasirika mtaa mzima unajua.

Risasi yenyewe haifikii mwendo wa sauti, ambao ni kama mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo haina ule mpasuko wa hewani. Ukisimama kwa jirani, kinachosikika zaidi ni "ta!" ya risasi kugonga kisanduku cha bati kinachozinasa. Nimekijaza jinzi kuukuu, afadhali kidogo.

Kupima ndiko kunanichanganya. Programu ya simu inasoma desibeli 90, siiamini hata kidogo. Mlio unakwisha ndani ya milisekunde chache, na maiki ya simu imetengenezwa kwa maongezi.

Je, kuna mwenye kipima sauti kinachonasa kilele cha mlio, anikodishe? Na kisandukuni niweke udongo wa mfinyanzi au mpira wa tairi? Ufukweni msinielekeze: sauti inasafiri mbali juu ya maji, kuna wavuvi, na sitaki madini ya risasi ziwani.