Ukaguzi wa kodi miaka 3: wamehesabu hela ya kikoba kama mauzo yangu, naombeni ushauri

MamaNuru_Ipagala
Wakuu habari zenu, naandika saa hizi usiku kwa sababu usingizi hauji. Nina duka dogo la vifaa vya ujenzi huku Ipagala, saruji, nondo, misumari, rangi, bati naleta kwa oda. Nilianza 2019 kipindi ambacho kila ukigeuka Dodoma mtu anachimba msingi. TIN (namba ya mlipakodi) ninayo, mashine ya EFD ya kutolea risiti ninayo, kodi nalipa kwa makadirio awamu zote nne sijawahi kuruka. TRA, mamlaka ya mapato, wakaniletea barua ya ukaguzi wa 2022, 2023 na 2024, wakataka stetimenti za benki na za simu, nikapeleka zote maana najua sina ninachoficha.

Juzi imekuja barua ya matokeo ya awali inasema mauzo yangu ya 2024 ni milioni 236. Jamani mashine yangu inasoma milioni 94! Wamejumlisha kila shilingi iliyoingia. Mle ndani kuna hela za kikoba, mimi ndo mhazini wa kina mama 25 na michango yote inaingia kwenye laini yangu, kuna mkopo wa benki milioni 15, kuna hela za wateja wanaonitumia nimlipe mwenye lori la mchanga na kokoto yani inapita tu kwangu sibaki na hata mia, kuna hela ya kaka yangu yuko Mwanza anajengea mama nyumba Kondoa. Alafu hela niliyotoa kwenye simu nikaiweka benki imehesabiwa mara mbili!!

Nimepewa siku 14 nijibu. Wifi yangu anasema nifunge duka nifungue lingine kwa TIN ya mume wangu. Mwingine anasema ana mtu wake, nitoe milioni 3 yaishe. Aliyekuwa ananijazia ritani hapokei simu wiki ya pili hii. Nifanyeje ndugu zangu?

Nondo_Mbili
Pole sana mama. Mimi ningetoa hiyo 3 niendelee na maisha, kesi za kodi zinakula muda na duka linabaki na mtoto wa kazi, mwisho unapoteza zaidi.

Mhasibu_Makulu
Hapana Nondo, usimshauri hivyo mwenzio. Hela ya serikali inalipwa kwa kontrol namba na inaacha alama kwenye TIN yako. Hiyo milioni 3 ataila mtu, deni litabaki kwenye mfumo vile vile, mwakani anakuja mwingine anakuta 236 iko palepale na wewe huna hata karatasi moja ya kujitetea, na juu yake umeshatoa rushwa. Akikusumbua tena huyo mtu TAKUKURU wana namba ya bure 113.

Dada MamaNuru, hiyo barua uliyopata bado sio makadirio rasmi. Ni matokeo ya awali, yani unaulizwa, na hapa ndo mahali rahisi kuliko kote kusahihisha kwa sababu hujadaiwa bado. Ukikaa kimya yatageuka makadirio. Ukishapokea makadirio una siku 30 za kuweka pingamizi kwa maandishi, Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya 2015 ndo inavyosema, na ili pingamizi lipokelewe unalipa kwanza theluthi moja ya kodi waliyokukadiria au ile sehemu usiyobishania, inayochukuliwa ni iliyo kubwa. Unaweza kuomba kwa barua upunguziwe hiyo theluthi ukiwa na sababu za msingi ila usisubiri siku ya 29. Kukataliwa pingamizi sio mwisho, kuna Bodi ya Rufani za Kodi, juu yake Baraza, kisha Mahakama ya Rufani.

Na uone kwa nini hiyo 236 ni hatari kuliko unavyodhani. Wanaolipa kwa makadirio bila hesabu kamili kama wewe mwisho wao ni mauzo milioni 100 kwa mwaka, na VAT kizingiti ni milioni 200 tangu 2023. Ukiachia 236 unahamishwa kundi, unatakiwa hesabu kamili, na unaweza kudaiwa na VAT asilimia 18 ambayo wateja wako hukuwatoza.

Sa hivi fungua Excel, andika kila hela iliyoingia 2024, mstari mmoja muamala mmoja, pembeni andika imetoka kwa nani, ya nini, na kithibitisho kiko wapi. Usiandike "nyingine ni za kikoba", hiyo haimsaidii mtu. Sheria inamtaka mlipakodi ndo athibitishe kwamba makadirio yamekosewa, kwaio maneno matupu hayatakuvusha. Mkopo weka mkataba wa benki. Kikoba weka katiba, daftari la michango na majina, na siku mliyogawana hela ilivyotoka kwenda kwa wanachama, maana hela iliyoingia ikatoka yote ndo inajieleza vizuri. Za lori tafuta muamala wa kumlipa dereva siku ile ile.

Mzee_wa_Magunia
Mwanangu mimi nanunua mahindi Kibaigwa miaka mingi, nilipitia hayo. Kosa langu barua niliiweka juu ya kabati nikisubiri msimu uishe, siku 30 zikapita, nikaja kulipa deni na riba kwa awamu kwa zaidi ya mwaka mzima. Waliniruhusu awamu baada ya kuandika barua, ilo nashukuru.

Mara ya pili nikajibu mapema. Wakulima hawatoi risiti, kwaio nilionekana nimeuza tu bila kununua kitu. Nikakusanya stakabadhi za ushuru wa mazao, ule wa halmashauri, kila moja ina tarehe na uzito, nikazipanga na kaunta buku langu ukurasa kwa ukurasa. Mkaguzi kijana alikaa nazo siku 2, akaniita akanionyesha pale zilipokubaliana na pale zisipokubaliana, tukaongea kama watu wazima. Kwa hiyo usiende ukiwa na hasira mama, nenda na makaratasi.

Na risiti zako za EFD za manunuzi ziangalie leo leo. Ile karatasi inafutika, mimi boksi langu lilikaa karibu na bati, joto la hapa kwetu mnalijua, nilipofungua nusu zilikuwa nyeupe pe. Toa kopi zote, utunze miaka 5.

Fremu_Sabasaba
Nyongeza, kama fremu umepanga wanaangalia pia kodi ya zuio ya pango asilimia 10. Wengi wetu tunamlipa mwenye nyumba yote kumbe mpangaji wa biashara ndo anatakiwa kuikata na kuipeleka. Mimi ukaguzi mauzo walinikuta niko sawa, wakanikamata hapo. Na kufungua TIN ya mzee nyumbani haifuti deni la TIN yako, usimuingize baba watoto kwenye hili.

MamaNuru_Ipagala
Wakuu nimerudi, Mungu awabariki. Nililala saa 8 usiku siku 6 mfululizo nikiandika mistari, mwanangu wa form 4 ananisomea mimi naandika. Tofauti ilikuwa milioni 142. Kikoba 39, lori 33, iliyohesabiwa mara mbili 29, kaka 22, mkopo 15. Zikabaki milioni 4 sina maelezo, nikakumbuka mwezi wa 9 mashine ilikuwa kwa fundi wiki nzima na niliendelea kuuza. Nikaandika hivyo hivyo kwenye barua, hizi 4 ni mauzo yangu nakubali.

Mhasibu_Makulu kaka yangu ulinielekeza inbox nigongewe muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yangu, nilifanya. Leo wameniita, mkopo, kaka na zile za mara mbili zimetoka. Kikoba wanataka kina mama wawili waje na vitambulisho, mwenyekiti na katibu wanaenda Jumatatu. Za lori madereva wawili nimewapata, mmoja kahamia Singida namtafuta. Ya pango nimekutwa nayo kweli, nimeshaomba kulipa kwa awamu. Laini ya kikoba tumesajili yake, tumeanza mzunguko wa jana.

Mzee_wa_Magunia
Huyo dereva wa Singida kama anabeba alizeti kuja huku nitumie jina la lori inbox, nitaulizia stendi ya malori.