Wauza hita za mabwawa, kipupwe hiki mmezidi: mnauza mashine bila kifuniko huku mnajua haitatosha

Wakuu, uzi huu ni wa malalamiko na sitapunguza makali. Kila mwaka Juni ikiingia, Arusha inaamka na mawingu mpaka karibu adhuhuri, usiku hewa inashuka hadi nyuzi 12 au 13, na wauza hita wanaanza kuvuna. Nairobi ni hivyo hivyo, Iringa na Mbeya baridi ni kali zaidi. Bwawa lisilopashwa linakaa nyuzi 19 hadi 21, na humo mtoto anatoka midomo inatetemeka kabla hata hajazoea maji. Mwenye nyumba anataka nyuzi 28. Ni haki yake na inawezekana kabisa. Kinachochefua ni anachouziwa.

Anakuja mtu na futi ya mkononi. Anapima urefu, upana na kina, anazidisha, anapata lita, anafungua katalogi: "Lita elfu hamsini, chukua hii ya kilowati 13." Kazi imeisha. Hajauliza upepo unatokea upande gani. Hajauliza kama bwawa lina maporomoko au ukingo wa kufurika. Neno kifuniko halijatoka mdomoni mwake.

Fanyeni hesabu wenyewe, haihitaji chuo. Bwawa la mita 8 kwa 4, kina cha wastani mita 1.5, lina mita za ujazo 48. Kupandisha mita moja ya ujazo kwa nyuzi moja kunataka uniti 1.16 za joto (uniti moja ni kilowati-saa moja, kama ile ya umeme), kwa hiyo bwawa zima linataka uniti 56 kwa kila nyuzi. Kutoka nyuzi 20 hadi 28 ni uniti 446. Hiyo unailipa mara moja tu, mwanzoni, na hapo ndipo hesabu yao inapoishia.

Gharama yenyewe iko kwenye kinachotoroka kila siku. Ule moshi mweupe unaoonekana alfajiri ukitambaa juu ya maji ni joto lako linaondoka. Kila lita inayogeuka mvuke inaondoka na uniti 0.68. Maji yakishuka milimita 6 kwa siku kwa mvuke, na kwa bwawa la nyuzi 28 lililo wazi kwenye upepo wa Julai hilo si jambo la ajabu, zimepotea lita 192. Hizo ni uniti 130, yaani maji yamepoa nyuzi 2.3 kwa mvuke peke yake, kabla hujahesabu joto linalopanda angani usiku mbingu zikiwa wazi. Jua la mchana hurudisha sehemu, lakini siku za mawingu mazito halirudishi yote, na Julai hapa ndiyo siku zenyewe.

Sasa ile "kilowati 13". Hiyo ni pampu ya joto, mashine inayokamua joto la hewa na kulitia kwenye maji, na karatasi yake ina mistari miwili ya nguvu. Wa juu umepimwa hewa ikiwa nyuzi 26 au 27 na unyevu asilimia 80, hali ya Tanga mwezi wa tatu. Wa chini umepimwa hewa ikiwa nyuzi 15. Muuzaji anakusomea wa juu. Kwenye mstari wa chini mashine hiyo hiyo inatoa kilowati 9 hivi. Ukiiwasha saa 2 asubuhi hadi saa 12 jioni, hewa ikipanda kidogo mchana, unapata uniti 90 hadi 100 za joto. Hazifikii hata zile 130 za mvuke! Mashine inanguruma kutwa, uniti za LUKU zinateketea, maji yanagota nyuzi 23 au 24. Ukilalamika unaambiwa ongeza mashine ya pili. Huko ni kutwanga maji kwenye kinu, na anayekuuzia mchi anajua.

Dawa ni kifuniko: turubai la viputo lenye unene wa mikroni 400 au 500 (karibu nusu milimita), linalolala juu ya maji viputo vikiangalia chini. Likigusa maji ukingo hadi ukingo linazuia zaidi ya asilimia 90 ya mvuke. Bwawa likifunuliwa saa 4 tu kwa siku, zile uniti 130 zinashuka hadi 30 na kitu, na mashine ya kilowati 9 iliyokuwa inashindwa inapata nafasi ya kupandisha joto. Bei ya turubai ni sehemu ndogo ya bei ya mashine. Kumuuzia mtu pampu ya joto bila kumwambia hili ni kumpiga mchana kweupe, sina neno la heshima zaidi.

Na wachache wanaoliuza nao wanaliharibu. Linakatwa dogo, linaacha mwanya wa sentimita 20 pande zote "lisikwame". Kwenye bwawa hili mwanya huo ni mita za mraba 4.6, karibu sehemu moja ya saba ya uso wa maji imeachwa wazi. Kata likiwa limetandazwa juu ya maji, kwa mkasi, ukifuata ukingo. Likivingirishwa juani bila shuka jeupe la kulikinga, matabaka yanapikana na viputo vinapasuka ndani ya msimu mmoja. Ukiweka dozi kubwa ya klorini, acha bwawa wazi mpaka ishuke, la sivyo plastiki inaliwa na kuanza kumeguka vipande vinavyoziba skima, ule mdomo wa ukingoni unaonyonya maji ya juu. Na hili mlisikie vizuri wenye watoto: turubai hili si ulinzi. Mtoto akilikanyaga linazama naye na kumfunika. Uzio na lango la kujifunga vibaki palepale, na wakati wa kuogelea litolewe lote, lisikunjwe nusu.

Kuna mchezo wa valvu ambao lazima niuseme. Siku ya makabidhiano mteja anaweka mkono kwenye tundu la maji yanayorudi bwawani, anasema mbona hayana moto. Jibu la kweli ni kwamba hayatakiwi kuwa na moto. Kilowati 9 kwenye maji ya mita za ujazo 5 kwa saa zinapandisha nyuzi 1.5 tu kwa kila mzunguko, na mkono hauwezi kuisikia. Badala ya kueleza hivyo, fundi anakwenda nyuma ya mashine na kuibana valvu ya kuingizia maji mpaka yanayotoka yawe ya uvuguvugu wa kuonekana. Mteja anatabasamu, analipa. Kuanzia hapo gesi ya ndani haipati maji ya kutosha ya kulipokea joto, presha inapanda, kompresa inakula umeme mwingi kwa joto dogo, na baada ya siku chache mashine inajizima kwa kosa la presha kubwa au mtiririko mdogo. Fundi anaitwa tena na analipwa tena kwa valvu aliyoibana mwenyewe. Pimeni kwa kipimajoto cha kwenye bomba, kimoja kabla ya mashine na kimoja baada. Tofauti ikizidi nyuzi 3 kwenye mashine ya ukubwa huu, fungueni valvu au oosheni chujio la mchanga.

Kosa jingine ni kuificha mashine. Pampu ya joto inanyonya hewa, inaikamua joto, inaitema ikiwa baridi. Ukiifungia kwenye kibanda cha pampu "isiibiwe", inavuta hewa ile ile iliyoitema na inazidi kujipoza. Iache nafasi ya sentimita 50 nyuma na mita 2.5 hadi 3 mbele, wazi kabisa. Kama ni wizi, jenga kizimba cha nondo, siyo ukuta. Usiku izimeni, hasa Mbeya na Njombe ambako koili inaota barafu na mashine inasimama kila mara kuiyeyusha.

Mpangilio wa mabomba ni huu: skima, pampu, chujio, hita, kisha klorini iwe ya mwisho kabisa, baada ya valvu ya kuzuia maji kurudi nyuma. Wengi wanatupa vidonge vya klorini kwenye skima. Pampu ikizimwa vidonge vinaendelea kuyeyuka, na asubuhi ikiwashwa, maji makali kama siki yanaingia moja kwa moja kwenye hita. Koili ya titani itavumilia, ya shaba haivumilii. Mkiona madoa ya kijani kwenye plasta au vigae, hayo mara nyingi ni hita yenu inayeyuka. pH ikae 7.2 hadi 7.6.

Hita ya umeme ya koili, mkubwa wa ile ya kuchemshia maji ya kuoga, ndiyo inauzwa kwa maneno ya "bei poa". Ya kilowati 18 kwenye fezi tatu inavuta ampea 26 kwa kila fezi. Kwenye fezi moja ingekuwa ampea 78, kwa hiyo nyumba nyingi haziwezi kuibeba. Na zile uniti 446 za mwanzo utazilipa zote 446, wakati pampu ya joto inayotoa uniti 4 kwa kila 1 inayokula ingetumia 112. Bei poa ni ya dukani, siku ya kwanza tu.

Kwenye paneli za jua nina hasira ya pekee kwa sababu kosa ni la kunakili. Mafundi wanazielekeza kusini kwa sababu kijitabu kilichokuja na boksi kimeandikwa kwa ajili ya Ulaya. Sisi tuko kusini mwa ikweta! Arusha, Juni 21, jua la adhuhuri liko digrii 27 kaskazini mwa utosi. Ukizielekeza kusini zimeligeuzia jua kisogo katika miezi ile ile unayolihitaji. Ziangalie kaskazini, mwinamo wa digrii 15 hadi 25. Eneo la paneli nyeusi za plastiki hukadiriwa kati ya nusu ya uso wa bwawa na uso wote. Kwa mawingu yetu chukueni wote, mita za mraba 32 kwa bwawa hili, na msitegemee ziwafikishe nyuzi 28 wiki za ukungu. Lazima ziwe na sensa mbili, moja kwenye paneli na moja kwenye maji, zinazofungua valvu paneli ikizidi maji kwa nyuzi 4 au 5. Bila hizo, pampu ikizunguka usiku maji yanapanda paani kupozwa kwa bidii. Na juu kabisa iwekwe valvu ya kuingiza hewa. Ikikosekana, pampu ikizimwa maji yanashuka na kuvuta, mirija inabanana kama soksi iliyolowa, na haitanyooka tena.

Gesi ni ya wageni wa wikendi, siyo ya kushikilia joto msimu mzima. Uniti 446 ni kama kilo 44 za gesi, mitungi 3 ya kilo 15, kwa kupandisha mara moja. Na hewa ya mwinuko ni nyepesi: kichomeo hupoteza takribani asilimia 4 ya nguvu kwa kila mita 300, kwa hiyo Arusha kwenye mita 1,400 ni asilimia 18 hivi. Kama pua za gesi hazijabadilishwa kulingana na mwinuko, moto unawaka njano na masizi yanaziba. Mashine ikae nje, moshi wake unaua.

Kabla ya kutoa hata shilingi, mwambieni muuzaji aandike kwenye ankara nguvu ya mashine hewa ikiwa nyuzi 15, aandike muda wa kupandisha kutoka 20 hadi 28, na aandike bei ya turubai na roli yake ya kulivingirishia kwenye karatasi hiyo hiyo. Akikataa kuandika mstari wa nyuzi 15, msimalizie chai.

NYONGEZA: Wanaouliza watajuaje kama maji yanashuka kwa mvuke au kwa kuvuja. Chukua ndoo, ijaze maji ya bwawa, weka jiwe ndani, isimamishe kwenye ngazi ya kwanza ya bwawa, maji ya ndani na ya nje yakiwa usawa mmoja. Weka alama kwa kalamu ndani na nje. Usizime wala usiwashe chochote tofauti na kawaida, wala usiongeze maji. Baada ya saa 24 pima. Kilichoshuka ndani ya ndoo ni mvuke. Bwawa likishuka zaidi ya ndoo, ile ziada ni uvujaji.

Na msikubali fundi awaambie kwamba uvujaji ndio unaopoza bwawa. Lita iliyovuja, ukiijaza na ya bomba ya nyuzi 18, inadai uniti 0.012 tu kufika 28. Lita iliyogeuka mvuke imeondoka na 0.68, zaidi ya mara 50. Ufa uzibeni kwa sababu ya bili ya maji. Kwa bili ya umeme, funikeni bwawa leo jioni, hata kabla ya kununua hita.