Programu za kusakinisha seva zinajua tatizo la diski, ila hazisemi. Tumechoka!

Wakuu, leo sina salamu ndefu. Nina hasira na wanaotengeneza programu za kusakinisha mifumo ya seva, na nina hasira zaidi na wale ambao kila mtu akija na shida ya patisheni (vipande ambavyo diski inagawanywa) wana jibu moja tu: "Futa diski yote uanze upya."

Diski ipo, inaonekana, ukubwa wake umeandikwa sawasawa. Ukiichagua unaambiwa mfumo hauwezi kusakinishwa hapo. Ukibahatika utapata mstari mdogo pembeni unaosema diski ni ya GPT, yaani mtindo mpya wa jedwali la patisheni. Haya, ni GPT, sasa kosa liko wapi? Mara nyingi diski haina kosa lolote! Flashi yenye programu ya kusakinisha ndiyo imewaka kwa BIOS, njia ya zamani ya kuwasha mashine, badala ya UEFI, njia mpya. Kwenye mashine nyingi menyu ya kuwashia inaonyesha flashi ileile mara mbili, mstari mmoja una neno UEFI na mwingine hauna. Gusa usio nalo uone kazi.

Na programu inajua imewaka kwa njia gani. Kwenye Linux ni suala la kuangalia kama folda ya /sys/firmware/efi ipo, basi. Inashindwa nini kuandika "zima, washa tena kwa UEFI"? Matokeo yake mtu anaona GPT ndiyo adui, anafungua diskpart (zana ya diski ya Windows), anapiga clean inayofuta patisheni zote, anageuza diski kuwa MBR, ule mtindo wa zamani wa jedwali, mfumo unaingia, anashangilia. Diski yenyewe ni ya terabaiti 4. MBR inahesabu sekta kwa biti 32, kwa hiyo kwenye sekta za baiti 512 haivuki TiB 2. Kinachozidi hapo kinakaa bure, na data iliyokuwamo imeshakwenda na ile clean.

Anayelazimika kubaki na BIOS juu ya GPT naye ana msalaba wake. GRUB, programu inayoiwasha Linux, inahitaji kipatisheni cha MiB 1 kisicho na mfumo wa faili, pa kujihifadhi. Kuna programu zinazokuacha upange patisheni, zinanakili kila kitu, halafu mwishoni kabisa ndiyo zinasema GRUB imegoma. Mwanzoni ulikuwa umelala?

Sasa njoo kwenye diski zilizotoka seva nyingine. Hapa ndipo nachoka kabisa. Unafuta patisheni zote, unaunda mpya, programu inasema diski inatumika. Inatumiwa na nani, hata mfumo haujaingia? Jibu ni alama za zamani za RAID (kuunganisha diski kadhaa zifanye kazi kama moja) au LVM (mfumo wa Linux wa kugawa nafasi ya diski). Kufuta jedwali la patisheni hakugusi kilichomo ndani ya patisheni, kwa hiyo ukiunda mpya ikaanzia palepale, zile alama zinafufuka na kernel, kiini cha Linux, inaunganisha RAID ya marehemu. Kuna anayedhani kufuta mwanzo wa diski kunatosha. Hakutoshi: GPT ina nakala mwishoni mwa diski, na alama za toleo 1.0 za mdadm, programu ya RAID ya Linux, zinakaa mwishoni pia. Simamisha hiyo RAID kwanza, piga amri ya wipefs kwa diski hiyo bila chaguo lolote uone kilichopo (peke yake haifuti, inaorodhesha tu), hakikisha ni diski sahihi, ndipo uende na wipefs -a, kwenye patisheni kwanza halafu diski yenyewe. Programu ya kusakinisha ingeweza kusema "nimekuta RAID ya zamani, niiondoe?" Haisemi. Inasema "inatumika".

Diski isipoonekana kabisa, mara nyingi hiyo ni draiva ya kidhibiti cha RAID, au diski hazijaundiwa kundi kule kwenye kidhibiti. Tusipoteze muda hapo.

Kuna nyingine ya kimyakimya. Mfumo mmoja wa Linux unaopendwa sana kwenye seva, ukikubali mpangilio wake wa LVM kwenye nafasi inayozidi GB 200, unakupa GB 100 tu na kuacha nyingine bila kugawiwa. Wenye kuijua LVM wanasema ni busara. Sawa, lakini iandikwe kwa herufi kubwa! Mtu anakuja kujua siku hifadhidata imegoma kuandika, wakati dawa ni amri ya lvextend -r -l +100%FREE kwa kigawo husika cha LVM, bila kufuta hata faili moja.

Ndiyo maana nawarudia ninyi wa "futa diski yote". Ombeni kwanza matokeo ya lsblk -f, amri inayoorodhesha diski na kilichomo. Ulizeni imewaka kwa UEFI au BIOS, diski ina ukubwa gani, ilitoka wapi. Mtu ana kazi ya ofisi nzima humo ndani, bakapu hana, wewe unamwandikia maneno matano na kwenda zako.