Mama kabadilishiwa nyonga, miezi minne sasa bado hana raha, nifanyeje?

Kijana_Igoma: Wakuu habari. Mama alibadilishiwa nyonga, yale maumivu ya kutolala usiku yameisha kabisa ila anasema bora angebaki na fimbo yake, hatembei vizuri, kila kitu anaogopa. Nahisi hawakumwekea sawa. Nimpeleke hospitali nyingine? Nimechanganyikiwa jamani.

Binti_Kirumba: Pole mkuu. Baba mdogo alifanyiwa Dar, leo anadandia daladala Buzuruga huwezi hata kumjua, ila yule mzee mbishi tangu ujana, alishavuka ziwa na homa kali eti samaki wataharibika

Mtumishi: Wazazi wanataka tukae nao tu. Mara ya mwisho umekaa na mama lini?

Fizio_Mstaafu: Mama anaishi wapi, na choo anachotumia ni cha aina gani?

Kijana_Igoma: Yupo kwa dada Ukerewe. Choo cha kawaida tu.

Fizio_Mstaafu: Cha kuchuchumaa?

Kijana_Igoma: Ndiyo. Na dagaa anachambua kwenye kigoda kama zamani, humzuii. Halafu kuna babu anamkanda na kumnyoosha mguu, nimeshamlipa nusu, alimponya shangazi. Msinihukumu, mjini nina chumba kimoja na watoto watatu.

Fizio_Mstaafu: Kaka, msimamishe huyo babu leo. Nyonga bandia ni tufe dogo linalozunguka ndani ya kikombe, mguu ukivutwa na kupindwa, au goti likipanda juu kuliko nyonga, linaweza kuchomoka. Seremala amtengenezee kiti kirefu chenye tundu kikae juu ya shimo, dagaa achambulie mezani, fimbo aishike mkono wa upande mzima. Na mazoezi asiache. Wengi wanaofanyiwa wanaridhika, na nyonga nyingi zinadumu miaka 15 na kuzidi, ila siyo kwa maisha ya kigoda.

Kijana_Igoma: Hela ya babu hairudi lakini, na zimebaki siku chache amalize.

Ngosha_Halisi: Ngoja kwanza. Si wewe mwaka jana tulikuchangia msiba wa mama? Chai hii.

Kijana_Igoma: Yule mama mkubwa!!

Binti_Kirumba: Weka picha ya eksirei tuamini

Kijana_Igoma: Eksirei anayo babu.

Fizio_Mstaafu: Kaichukue kesho, na mama umpeleke kwa daktari aliyempasua. Mguu ukionekana mfupi ghafla au akishindwa kuukanyagia, usisubiri hata hiyo kesho.

Ngosha_Halisi: Na namba ya mchango usitume.