Bili ya kodi ya nyumba imetoka kwa wenyeji wa asili sio manispaa, hii imekaaje?

MamaJunior_BC
Habari zenu wapendwa. Niko Kamloops, British Columbia, Kanada, huu mwaka wa tatu. Mwaka jana mimi na mume wangu tulinunua nyumba ng'ambo ya mto, dalali akasema ardhi ni ya lizi, yaani ya kukodi kwa miaka mingi, tukasaini tu maana bei ilikuwa nafuu. Sasa juzi imekuja bili ya kodi ya nyumba, naangalia juu ya barua sio manispaa, ni Tk'emlúps te Secwépemc, yaani wenyeji wenyewe wa asili. Moyo ukanilipuka nikajua tumeshatapeliwa. Nikaenda ofisini kwao, nikapokelewa na dada mmoja wa jamii hiyo hiyo, akanipigia hesabu mstari kwa mstari, thamani ya nyumba, kiwango, punguzo la mwenye nyumba anayeishi humo, zote. Kiukweli sijawahi kuelezwa kodi vizuri vile, kule kwetu Tanzania tangu 2021 inakatwa kwenye LUKU na hakuna anayekueleza kitu. Nikamuuliza umesomea wapi, akasema kuna kozi ya usimamizi wa kodi ya watu wa jamii zao, hapa hapa mjini. Naombeni mwenye kujua anieleweshe, haya mamlaka waliyapataje, na hiyo kozi ikoje? Na mimi ambae sipigi kura kwao nani ananilinda?

Mzee_wa_Okanagan
Binti yangu lipa, ni halali kabisa. Mimi nakaa kwenye ardhi ya Westbank, jamii nyingine ya wenyeji wa asili huku Kelowna, nalipa kwao miaka mingi.
Zamani watu waliokodi ardhi kwenye rizevu, yaani ardhi iliyotengewa wenyeji wa asili, walikuwa wanalipa kodi kwa serikali ya jimbo, hela inaenda zake na wenye ardhi wanabaki bila bomba la maji. Aliyeisimamia vita hiyo ni chifu wa hapo hapo kwenu Kamloops, Manny Jules, akazunguka mpaka machifu wenzake nchi nzima wakamuunga mkono, na mwaka 1988 bunge likabadilisha sheria ili wao wenyewe watoze kodi kwa walioko kwenye lizi. Ukumbuke hii ni nchi ambayo kuanzia 1927 mpaka 1951 sheria ilikataza wenyeji hata kuchangisha hela za wakili wa kudai ardhi yao. Halafu 2005 ikapitishwa sheria kubwa ya fedha, ndio ikaleta Tume ya Kodi ya Mataifa ya Kwanza (ndivyo wanavyoitwa jamii hizi za wenyeji), Jules akawa kamishna mkuu, na ofisi yao kuu iko hapo ng'ambo ya mto unapokaa.

Baraka_TRU
Hiyo kozi naijua dada, inatolewa na kituo cha Tulo pamoja na chuo chetu cha Thompson Rivers, ukimaliza unapata cheti cha chuo. Tulo ni neno la Kichinook, lugha ya biashara ya zamani ya pwani ya magharibi huku, maana yake kuchuma au kupata faida. Wengi wanaosoma ni wafanyakazi wa ofisi za jamii zao.
Watu wanadhani kodi ni kukusanya tu, kumbe kila mwaka lazima zitungwe upya sheria mbili, ya viwango na ya matumizi, zipelekwe kwenye Tume zipitiwe, na kwenye jamii ndogo kazi yote hiyo inamwangukia mtu mmoja. Kwa hiyo wanafundishwa kuandika hizo sheria, kuelewa thamani inavyopangwa, kukaa mezani na manispaa wakubaliane bei ya zimamoto na majitaka, na kuongea na mlipakodi kama wewe bila kugombana. Kuna na cheti cha uchumi, kinafundisha kujipanga ili mwekezaji akija akute barabara, umeme na taratibu zinazoeleweka, asizungushwe miaka.
Na mapato yakiwa ya uhakika wanakopesheka. Mwaka 2014 mamlaka yao ya fedha iliuza hatifungani ya kwanza, dola milioni 90, wakakopeshana kwa riba nafuu. Mimi hapo ndio nilielewa kwanini wanasomeshana kwa nguvu hivyo.

Wanjiku254
Na wao wenyewe wanalipa ama ni wageni tu?

Mzee_wa_Okanagan
Kwa kawaida mwanajamii kwenye ardhi yake halipi, sheria inamsamehe. Wanaolipa ni wenye lizi, na makampuni yenye maduka na miundombinu mle ndani.
Binti yangu kuhusu kura, ni kweli huna, na hilo mimi silipendi pia nilivyokuwa mgeni lilinisumbua sana. Lakini hela ya kodi inakaa akaunti yake peke yake, haitumiki nje ya sheria ya matumizi. Kabla ya kupitisha sheria mpya wanatoa notisi na wewe unaruhusiwa kuandika maoni, na ukiona umeonewa unapeleka malalamiko kwenye Tume. Ila rufaa ya thamani ya nyumba unakata ukipata ile karatasi ya thamani inayokuja kabla ya bili, ukisubiri bili umechelewa.

MamaJunior_BC
Asanteni sana, Mzee shikamoo. Nimelipa leo asubuhi. Nimemwomba yule dada nakala ya sheria ya matumizi ya mwaka huu, kanitolea pale pale, usiku nakaa na mume wangu tuisome.