Msaada wakuu: "very" imejaa barua nzima ya kazi, niweke maneno gani badala yake?

Nuru wa Makambako
Habari zenu wakuu, naombeni msaada kwa mnaojua kingereza. Naandika barua ya maombi ya kazi ya mapokezi kwenye hoteli moja Arusha, mwisho wa kutuma ni Ijumaa. Shida yangu ni kwamba kila nikitaka kuonyesha jambo nalihisi kwa nguvu naishia kuandika "very", yaani very interested, very happy, very ready, barua nzima very tu. Nikaingia kwenye kamusi nikakuta maneno kibao, eagerly, keenly, deeply, bitterly, highly, badly, ila karibu yote nikiyatafuta napewa maana ni "sana" au "mno". Nikachagua tu nikaandika hivi:

"I highly want this job. I worked hardly for three years at a guest house in Njombe. I am bitterly interested in tourism and I am anxiously waiting for your reply."

Rafiki yangu kaisoma kasema kuna kitu hakijakaa sawa ila hajui ni nini. Kazi naiweza kabisa, sitaki niikose kwa sababu ya vielezi. Kama kuna kanuni nipeni niishike.

Mwalimu wa Zamani
Mwanangu Nuru hongera kwa kuuliza kabla ya kutuma. Kanuni ya kukariri hakuna, ila jambo lenyewe unalo tayari kichwani toka utoto. Nguo ikiwa nyeupe unasema nyeupe nini? Nyeupe pe. Nyeusi tii, nyekundu pyu. Mtu kalala fofofo, mwingine kalowa chapachapa, nje giza totoro, ndoo imejaa pomoni. Umewahi kumsikia mtu anasema nyeupe tii, au kalala chapachapa? Hakuna, na wala hukufundishwa darasani, umekua unayasikia maneno hayo yanatembea mawili mawili. Na Waingereza ndo hivyohivyo, "bitterly" ina wenzake na "deeply" ina wenzake.

Bitterly inatembea na vitu vinavyouma, bitterly disappointed, bitterly regret, weep bitterly, na ile baridi ya kwenu Makambako mwezi wa saba alfajiri inayokata vidole, hiyo ndo bitterly cold. Sasa interested ina uchungu gani? Hapo ndo rafiki yako alipojikwaa. Deeply ni ya moyoni ndani, deeply grateful, deeply sorry, deeply moved, deeply offended. Highly inapenda sifa na makadirio, highly qualified, highly recommend, highly unlikely, lakini kwenye want haipandi kabisa. Strongly ni ya msimamo, strongly agree, strongly oppose, sawa na redio inavyosema serikali imelaani vikali. Sisi tunakataa katakata, wao wana "flatly refuse". Sisi tunatafuta kitu kwa udi na uvumba, wao wanasema "desperately looking for". Kwa hiyo ukikutana na kielezi kipya usikiandike peke yake kwenye daftari, kiandike na mwenzake.

Mhudumu wa Kusini
Dada usitume kwanza!! Hiyo "hardly" itakuharibia. Hardly sio kwa bidii, hardly ni karibu na hapana, yaani hapo umewaambia miaka mitatu yote kazi ulikuwa huigusi. Bidii ni "hard" hivyohivyo bila ly, I worked hard. Mimi ilinikuta, nilimwandikia meneja wangu meseji kwamba nimekuwa "working hardly" toka asubuhi, akaniita kuniuliza kuna tatizo gani, na siku hiyo nilikuwa nimebeba mizigo ya wageni mpaka mgongo unauma, iliniuma sana na sijaisahau.

Halafu anxiously ni kusubiri kwa wasiwasi, kama ndugu walioko nje ya chumba cha upasuaji. Kwa hamu ni eagerly, ila kwenye barua ya kazi eagerly nayo inamsukuma mtu, wenyewe wamezoea "I look forward to hearing from you", na ni hearing sio hear. Na siku ya intavyuu usiseme "I am too happy" kama tunavyopenda huku, too ni kupita kiasi, chai ikiwa na sukari mpaka hainyweki ndo too sweet.

Mbeba Boksi Leicester
Naongezea. Badly ikikaa na want au need haina ubaya wowote, "I badly need a job" ni sahihi, ila kwenye barua usiiweke maana ni sauti ya mtu mwenye dhiki. Msishangae neno baya kugeuka kuwa sana, mbona sisi mtaani tunasema anajua mpira kinoma, kaimba balaa. Terribly imetokana na neno la hofu kuu lakini leo mtu akikukanyaga kwenye basi huku anakwambia "terribly sorry". Hata very yenyewe asili yake ni neno la Kifaransa cha zamani lenye maana ya kweli, kwa hiyo ni kama kweli kweli yetu, moja moja haidhuru.

Inapokataa ni kwenye maneno yaliyokwisha fika mwisho, exhausted, furious, freezing, hapo wanaweka absolutely. Mtu akiwa hoi ni hoi, husemi hoi sana. Na muwe makini na quite, msimamizi wangu aliniambia kazi yangu ni "quite good" nikafurahi wiki nzima, kumbe kwa Waingereza mara nyingi hiyo ni wastani tu, wakati quite impossible ni haiwezekani kabisa.

Chui wa Bando
Mwenye bando aingie kwenye COCA, ni hazina ya mtandaoni ya maandishi na mazungumzo ya kingereza cha Marekani, jumla maneno zaidi ya bilioni 1, kujisajili bure, unaandika kielezi inakuonyesha majirani zake. Ila mi ningefuta nusu ya hivyo vielezi niandike nilipokea wageni wangapi kwa siku.

Nuru wa Makambako
Asanteni sana jamani, hiyo ya nyeupe pe imenifungua macho. Naomba mnikagulie: "I worked hard for three years at a guest house in Njombe, where I received up to twenty guests a day. I am keenly interested in tourism. I would be deeply grateful for an interview. I look forward to hearing from you."

Mwalimu wa Zamani
Keenly interested ni jozi halali, iache. Deeply itoe, kuomba intavyuu sio jambo la kutikisa moyo, "I would be grateful" inatosha, deeply itunze siku ya kumshukuru aliyekupa kazi. Na hao wageni ishirini Chui kasema kweli, waache hapohapo kwenye mstari wa kwanza. Tuma leo mwanangu, usingoje Ijumaa mtandao ukasumbua.